Msalaba wa shaba na shahada ya akiolojia: jibu kwa msomaji wa Katuba

Msomaji mmoja kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: «Nimefaulu Mtihani wa Serikali na ninataka kusoma akiolojia chuo kikuu. Baba anasema hiyo ni kazi ya Wazungu wenye pesa za kupoteza, na kwamba mtoto wa Katanga mwenye akili husoma jiolojia au sheria. Mjomba wangu huchoma matofali upande wa barabara ya Kasenga. Alipokuwa akikata kichuguu alipata msalaba wa shaba, akanipa mimi. Je, shahada hiyo inafundisha nini hasa, inasomwa wapi, na itanilisha?»

Mdogo wangu, maswali yako ni matatu, nami nitayajibu yote. Lakini msalaba umeutaja kwa kupita tu, wakati ndio unaobeba sehemu kubwa ya jibu, kwa hiyo niruhusu nianze nao.

Sura ya msalaba wa aina hiyo kila mtu wa Lubumbashi anaijua, hata asiyewahi kuushika. Ulichorwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga kati ya 1960 na 1963, na ukapigwa kwenye sarafu zake za 1961. Muda mrefu kabla ya sarafu hizo, msalaba wenyewe ulikuwa pesa. Sasa uweke wako mezani uuhoji. Utaweza kuupima uzito. Ukiutazama kwa makini huenda ukaona kwamba upande mmoja umefuata umbo la kalibu, na upande wa pili, uliokuwa wazi hewani shaba ilipokuwa ikipoa, una mikwaruzo na mikunjo. Maabara ikichukua chembe yake inaweza kulinganisha isotopu (aina za atomi) za metali ya risasi zilizomo na zile za mawe ya migodi mbalimbali, na pengine kukadiria shaba hiyo ilitoka wapi. Baada ya hapo msalaba unanyamaza. Ulitupwa, ulifichwa au ulizikwa na mtu? Lini? Shaba haina kaboni ndani yake, kwa hiyo kipimo cha kaboni-14, kinachokadiria umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai, hakiwezi kuugusa. Kingeweza kupima kipande cha kaa, mfupa au punje ya mtama iliyolala pamoja nao. Mjomba wako alipoutoa kwa jembe, vitu hivyo, kama vilikuwapo, vilikwenda pamoja na udongo kwenye tanuru la matofali. Simlaumu, kwa maana alikuwa kazini na hakuna aliyewahi kumwambia.

Linganisha na misalaba iliyotoka Sanga, ukingoni mwa ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Jacques Nenquin alichimba makaburi hapo mwaka 1957, Jean Hiernaux akaendelea mwaka 1958, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret alirudi Sanga na kuchimba pia sehemu nyingine za bonde hilo, safari hii akiwa na vipimo vya kaboni vya kuyapanga makaburi kwa wakati. Sanga peke yake imetoa makaburi zaidi ya mia moja, na yale yaliyochimbwa vizuri yalichorwa moja moja: mwili ulilazwaje, chungu kipi kiliwekwa wapi, shaba iligusa sehemu gani ya mwili. Kutokana na michoro hiyo ilionekana kwamba misalaba ni michache sana mwishoni mwa enzi inayoitwa ya Kisale, ambayo ilifikia upeo wake kati ya karne ya 10 na ya 13. Katika enzi iliyofuata, ile ya Kabamba, misalaba ya kwanza ni mikubwa, na mara nyingi ni mmoja tu uliowekwa juu ya kifua cha marehemu. Kadiri muda unavyokwenda inakuwa midogo, mingi, yenye vipimo vinavyokaribiana, na inakutwa karibu na mikono au kiuno. De Maret alitoa hoja kwamba msalaba ulianza kama mali ya malipo ya heshima, kama vile mahari, kisha ukageuka kuwa pesa ya kununulia kila kitu. Unaweza kuipinga hoja hiyo, na wapo wanaoijadili. Lakini huwezi hata kuanza kuipinga bila kujua msalaba gani ulikuwa kifuani na upi ulikuwa mkononi.

Katika bonde hilo hilo pana jambo lingine ninalopenda kuwasimulia wanafunzi wapya. Katika kaburi moja la Kamilamba, la karibu karne ya 8 au ya 9, mtu alizikwa na shoka la fahari ambalo mpini wake ulipambwa kwa misumari ya chuma, na kando ya kichwa chake likawekwa fuawe. Wazee wa Kiluba, katika simulizi za Kalala Ilunga na baba yake Mbidi Kiluwe, huunganisha ufalme na uhunzi, na katika kumsimika mfalme wa Waluba fuawe lilikuwa na nafasi yake. Kwa hiyo alama za utawala tunazozijua kutoka kwenye simulizi zilikuwa tayari zimewekwa kaburini yapata miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Hilo halithibitishi kwamba aliyezikwa alikuwa mfalme, wala kwamba aliitwa Mluba, na mwalimu mzuri atakukatiza ukianza kusema hivyo. Linathibitisha kitu kidogo zaidi, na ni kikubwa kwa namna yake, kwamba katika bonde lile uhunzi na madaraka vilikaa pamoja kwa muda mrefu kuliko simulizi yoyote inavyoweza kuhesabu vizazi.

Hicho ndicho shahada ya kwanza ya akiolojia inachofundisha: kuandika mahali kitu kilipokuwa, kwa usahihi wa kuchosha, ili baadaye uwe na haki ya kusema jambo juu yake. Watu hudhani tunafundishwa kutafuta. Kutafuta anaweza hata mbuzi akikwaruza kwa kwato. Shambani utapewa mraba wa mita moja au mbili uliozungushiwa kamba, mwiko wa mwashi, brashi, ndoo na chekeche. Utaparua udongo mwekundu kwa tabaka za sentimita 5 au 10, ukitazama rangi yake inapobadilika, kwa sababu doa jeusi la ukubwa wa sahani linaweza kuwa shimo la nguzo ya nyumba au mzizi uliooza, na kazi yako ni kujua tofauti. Kila kigae, kila kipande cha kaa, kitaingia kwenye mfuko wake na lebo yake, na jioni, mgongo ukiuma, utaketi kuandika daftari. Asiyependa daftari ataichukia akiolojia kabla ya mwaka wa pili kwisha, hata kama anapenda mambo ya kale kwa moyo wote.

Mimi mwenyewe nililijifunza hilo kwa aibu. Nikiwa mwanafunzi nilikabidhiwa mifuko ya vigae kutoka tabaka mbili zilizofuatana, nikaandika lebo za karatasi kwa kalamu ya wino wa maji na kuzitia ndani ya mifuko pamoja na vigae vilivyokuwa bado vibichi kwa unyevu. Asubuhi lebo mbili zilikuwa zimegeuka uji wa buluu. Vigae vilikuwapo vyote, vizuri, vyenye nakshi, na havikuwa na maana tena, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema vipi vilitoka chini na vipi vilitoka juu. Mwalimu wetu hakunigombeza. Alivimwaga vyote kwenye kasha moja, akaandika juu yake «vya kufundishia», na kasha hilo nililitumia miaka mingi baadaye kwa kazi hiyo hiyo. Tangu siku ile ninaandika kwa penseli.

Wala usidhani kwamba ukishaandika tabaka umemaliza, kwa maana ardhi nayo hudanganya. Rasi ya Gombe, pale Kinshasa, ilichimbwa na Colette katika miaka ya 1920, na mfuatano wa zana za mawe alioupata ulitumika kwa miongo kadhaa kama ngazi ya kupangia historia ya kale ya eneo kubwa la Afrika ya Kati. Mwaka 1973 Daniel Cahen alichimba tena mahali hapo, kisha akafanya kazi ya subira kubwa mno: alichukua vipande vya mawe vilivyochongwa na kujaribu kuviunganisha, kama mtu anayeunganisha sahani iliyovunjika. Vipande vilivyotoka kwenye vina tofauti, ambavyo kwa ngazi ile ya zamani vilipaswa kuwa vya enzi tofauti, viliingiana barabara, yaani vilitoka kwenye jiwe moja, vikiwa vimechongwa na mtu mmoja kwa mkao mmoja. Mawe yalikuwa yamepanda na kushuka ndani ya mchanga. Ngazi ikaanguka.

Kwa sisi wa Katanga somo hilo liko nyuma ya nyumba. Kichuguu alichokata mjomba wako ni kazi ya mchwa wanaobeba udongo laini kutoka chini na kuupandisha juu, na changarawe na vigae vizito vikabaki vikizama taratibu. Baadhi ya vichuguu vikubwa vya maeneo ya Lubumbashi vimepimwa kwa kaboni-14 na sehemu zake za ndani kuonekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kwa hiyo kitu kilichokutwa ndani ya kichuguu huenda kilizikwa humo na mtu aliyekiona kichuguu kikiwa tayari kimesimama, au kilikuwa chini kabla mchwa hawajafika, au kilidondoka katika ufa juzi tu. Zaidi ya hayo, wayeyushaji wa zamani wa nchi hii, wale walioitwa wala-shaba, walijenga tanuru zao kwa udongo wa vichuguu na kuyeyusha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, kwa makaa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Ukipata kichuguu chenye takataka nyeusi za kuyeyusha pembeni yake, hapo pana habari nyingine kabisa. Je, mjomba aliziona?

Sasa masomo yenyewe. Kwetu shahada ya kwanza, tangu mfumo wa Lisansi, Masta na Dokta ulipoenezwa katika vyuo vyote mwaka 2021-2022, ni miaka 3 yenye krediti 180 za masomo, wakati sisi wa zamani tulisoma miaka 3 kisha 2 juu yake. Utakutana na historia ya Afrika, zana za mawe, ufinyanzi na madini, mbinu za uchimbaji, sheria ya mali za urithi. Hayo umeyatarajia. Ambayo wanafunzi hawayatarajii, na ambayo huwaangusha, ni takwimu, jiolojia ya udongo na uchoraji wa vyungu kwa vipimo. Kaboni-14 pia husomwa vibaya na wengi. Watajua kwa moyo kwamba nusu yake huisha kwa miaka 5,730 na kwamba kipimo hicho hakisaidii kupita karibu miaka 50,000, lakini watasahau kwamba kaa lililotoka katikati ya gogo la mti mzee lina umri wa mti, na moto wenyewe uliwashwa miaka mingi baadaye; ndiyo maana punje ya mtama ni bora kuliko kaa la gogo. Kupita mpaka huo wa miaka 50,000 hutumika mbinu nyingine, na ugomvi nao huongezeka. Vichwa vya mikuki ya mfupa vya Katanda, karibu na mto Semliki, ambavyo Alison Brooks na John Yellen walivitangaza mwaka 1995 kuwa vya miaka kama 90,000, bado vina wanaovitilia shaka, kwa kuwa vinavyofanana navyo pale Ishango, jirani kabisa, ni vya miaka kama 20,000. Mwanafunzi anayeweza kueleza pande zote mbili za mzozo huo bila kupayuka ameiva.

Kuhusu mahali pa kusoma, sitakuzungusha. Hapa mjini mlango wako ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kitivo cha Fasihi na Sayansi za Binadamu, upande wa historia. Nenda sekretarieti kabla ya kujiandikisha, uombe programu ya mwaka iliyochapwa, na uhesabu ni masomo mangapi yanakupeleka shambani na mangapi ni ya ukumbini tu. Ukiweza kuchukua masomo ya jiolojia kando, chukua, hata kama hayahesabiwi katika alama zako. Ukitaka shahada inayoitwa akiolojia kwa jina lake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha somo hilo kwa shahada ya kwanza tangu miaka ya 1980, na kwa kijana wa Lubumbashi Dar si mbali kama Ulaya: unavuka Kasumbalesa, na ukifika Kapiri Mposhi kuna reli ya TAZARA mpaka bandarini. Mjini utajisikia nyumbani kwa lugha, ingawa Kiswahili chetu kitawachekesha kidogo. Darasani, hata hivyo, ni Kiingereza, na hapo ndipo Wakongo wengi hukwama. Anza Kiingereza leo, kwa sababu hata ukibaki hapa nusu ya maandishi juu ya Upemba na shaba utayakuta kwa lugha hiyo, na nusu nyingine kwa Kifaransa. Ubelgiji ni ya baadaye, kwa shahada ya pili au ya tatu. Makumbusho ya Tervuren yana sehemu kubwa ya vitu vya Sanga, na mfupa wa Ishango, ule maarufu wenye chale, alioupata Jean de Heinzelin mwaka 1950, uko Bruseli. Inauma kwamba Mkongo hulazimika kuomba viza ili auone, lakini usiuache uchungu huo uwe sababu ya kutokusoma.

Nije kwa baba yako, na nimpe heshima yake, kwa maana swali lake ni la mzazi anayejua bei ya unga. Kazi inayoandikwa mlangoni «mwanaakiolojia» ni adimu katika nchi hii. Makumbusho ya Lubumbashi na taasisi ya makumbusho ya taifa huajiri wachache, na mishahara ya serikali unaijua. Wengi niliosoma nao wanafundisha historia sekondari. Lakini baba amekosea jambo moja: anaiweka jiolojia upande mmoja na akiolojia upande mwingine, wakati katika Katanga ardhi ni ile ile. Kanuni ya madini ya 2002 inamtaka mwenye kibali, akikuta vitu vya urithi wa taifa katika kazi zake, asivihamishe na awaarifu wakuu kwa maandishi bila kuchelewa. Kampuni zinazofungua machimbo mapya hufanya tafiti za mazingira na jamii, na hapo anahitajika mtu anayeweza kutembea porini majani yakishaungua, atambue rundo la takataka za kuyeyusha pale ambapo mwingine anaona mawe meusi, alipige kwenye ramani, na aandike ripoti ambayo mhandisi ataielewa. Kazi hizo ni za mkataba, hutokea zaidi kiangazi, na msimu mwingine hakuna. Anayezipata ni yule mwenye akiolojia pamoja na kitu cha pili mkononi: jiolojia, ramani za kompyuta, au Kiingereza cha kuandika. Mwambie baba hivyo, kwa maneno hayo hayo, bila kumpaka mafuta. Mimi ningekushauri uisome, kwa sharti kwamba kitu hicho cha pili ukianze mwaka wa kwanza, usingoje ukose kazi.

Imebaki hatima ya msalaba. Usiusugue kwa limau na majivu ili ung'ae; ule ukijani juu yake ni sehemu ya ushahidi, na huenda umehifadhi alama ya kitambaa au jani lililougusa ardhini. Usiuuze pale mjini, hata wakikuambia bei nzuri. Sheria ya mwaka 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni inahusu vitu kama hivyo, na wanaovinunua mitaani wanalijua hilo kuliko wewe. Upige picha pande zote mbili ukiwa na rula kando yake, kisha uupeleke makumbusho ya mji ili uandikishwe.

Lakini kabla ya makumbusho nenda kwa mjomba, wiki hii, wakati bado anakumbuka, na kabla hajakikata kile kichuguu chote. Mwombe akupeleke pale pale. Muulize ulikuwa umbali gani kutoka juu, upande unaotazama wapi, ulikuwa umelala bapa au umesimama, kama ulikuwa peke yake au na vigae, kama udongo wa hapo ulikuwa mweusi au umeungua, na kama kulikuwa na mfupa, maana watu huogopa kusema walipokuta mfupa. Pima kwa hatua zako kutoka mti mkubwa au kona ya barabara. Yote yaandike kwa penseli, kwa maneno yake mwenyewe, na pale atakapokuambia hakumbuki, andika kwamba hakumbuki.